Nganya Inaanzia Kwa Tanki la Hewa

Nganya mpya ikishuka Outering, kila mtu anaongea kuhusu mchoraji: mkono wake, rangi zake, uso wa msanii aliochora kando ya dirisha. Sawa, anastahili. Lakini mimi nasema tumesahau nusu ya stori. Historia ya rangi kwa magari, hadi hizi nganya zetu, ni historia ya watu kutafuta hewa isiyoyumba.

Turudi nyuma. Miaka ya 1880, mji wa Toledo kule Ohio, Marekani, kulikuwa na daktari wa koo anaitwa Allen DeVilbiss. Alitengeneza kifaa chenye kibofu cha mpira: unaminya, dawa inatoka kama ukungu na kumwingia mgonjwa kooni. Mwanawe Thomas akachukua wazo hilo akalihamishia kwa rangi, na mwanzo wa karne ya 20 kampuni ya familia ikawa inauza bunduki za spreyi. Ila kibofu cha mkono kina shida moja. Ukiminya inakuja, ukipumzika inakata. Koo inaweza kuvumilia hiyo. Mlango wa gari hauwezi.

Kilicholazimisha mambo ni rangi yenyewe. Zamani gari lilipakwa vanishi kwa brashi, na kukauka kulichukua wiki nzima nzima. Ndiyo maana Ford Model T ilikuwa nyeusi tupu kuanzia 1914 hadi 1925: kiwanda kilitaka rangi moja, ya bei nafuu, inayodumu. Halafu 1923 DuPont na General Motors wakaleta Duco, rangi inayokauka haraka sana. Haraka hivi kwamba ukiipaka na brashi, inashika kabla hujamaliza kuilainisha. Njia ya maana ilikuwa kuipuliza. Kwa hivyo kompresa ikaingia kiwandani, na magari ya watu wa kawaida yakaanza kuwa na rangi za kuvutia.

Huku kwetu, matatu zilikubaliwa rasmi na Mzee Kenyatta 1973. Nyingi ziliandikwa majina kwa brashi, kazi ya mafundi wa mabango. Miaka ya 90 manyanga zikaanza kushindana, Buru na laini zingine za Eastlands zikiwa mbele, na spreyi ikachukua nafasi. Kivuli laini kwenye shavu la Tupac hakitoki kwa brashi.

Sasa ingia garage yoyote ya mtaani, ukitoka Tena ukielekea Umoja huzikosi, na uangalie fundi kabla hajagusa rangi. Anafungua koki chini ya tanki kutoa maji. Hewa ikibanwa inapata joto, ikipoa unyevu wake unageuka maji, na tone moja likifika kwa rangi, utaona vijishimo au malengelenge. Kisha anaangalia geji huku amevuta kifyatulio, hewa ikiwa inatoka. Ukisoma geji bunduki ikiwa imelala, inakudanganya, kwa sababu mpira mrefu na mwembamba unakula presha njiani.

Kompresa haitoi hewa sawasawa. Mota inajaza tanki, inazima, presha inashuka, inawaka tena. Tanki ndilo akiba, na regulata ndiyo inayogawa ile akiba kwa kipimo kimoja. Presha ikiwa chini, rangi inatua kwa matone makubwa na inakauka na vipele kama ganda la chungwa. Ikiwa juu sana, inakauka hewani, inatua kama vumbi. Ikipanda na kushuka, bodi inakuwa na mabaka.

Na kuna kitu Nairobi inakuongezea. Huku Eastlands tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na presha ya hewa ni kama asilimia 82 ya ile ya Mombasa. Kompresa ile ile ikiletwa huku, kila ikivuta inapata hewa pungufu kwa karibu moja kwa tano. Kwa hivyo fundi wa hapa anahitaji tanki kubwa, au subira kubwa. Mimi niliacha chuo, na sikuwahi kusikia mtu akieleza hii kitu darasani vizuri kama inavyoelezwa kwa garage.

Halafu sheria ikaja. Februari 1, 2004, kanuni za waziri John Michuki zikaanza: vidhibiti mwendo, mikanda, mstari wa njano. Mikanda iliokoa maisha, sitabisha. Lakini michoro pia ilifutwa, na kazi ya watu ikaisha mara moja. Mwisho wa 2014 Rais Uhuru Kenyatta akawatetea hadharani vijana wa michoro, nganya zikarudi na moto. Novemba 2018 serikali ikatangaza tena kanuni za Michuki, wachoraji wakakaa roho mkononi.

Unaona hiyo grafu? Juu, chini, juu, chini. Sheria ikiyumba hivyo inaacha mabaka kwa maisha ya watu. Kilichowabeba mafundi ni kwamba walikuwa na akiba: kompresa ya kuchora Tupac ndiyo ile ile ya kupiga mstari wa njano, kurekebisha Probox iliyogongwa, na kupaka geti la mtu.

Ndiyo maana nikisikia kijana anataka kuingia hii kazi, sisemi aanze na rangi ghali ama bunduki ya kuonyesha watu. Nunua tanki kwanza, nunua regulata, jifunze kutoa maji kila asubuhi. Na wewe unayeandika sheria pale Upper Hill, kabla hujafuta michoro tena, njoo usimame dakika kumi kando ya kompresa. Usikie vile kazi nzuri inahitaji kitu kisichobadilika kila baada ya muda mfupi.