Mlima Hauvamiwi Kabla ya Kupelelezwa

Tarehe 14 Julai, 1976, Reli ya Uhuru ilikabidhiwa rasmi kwa wenyewe, yaani Tanzania na jirani yetu Zambia. Reli hiyo, yenye urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, hupenya milima kwa mahandaki 22. Mengi yake yamo baina ya Mlimba na Makambako, mahali ambapo nchi hupanda ghafla kutoka bonde la Kilombero. Tumezoea kuisifu mikono iliyochimba, na hiyo ni haki yake. Lakini kabla ya wachimbaji walitangulia wapima ardhi, wakikata pori kwa miguu. Kazi yao huonekana ndogo mpaka siku inapodharauliwa.

Siku hiyo iliwahi kufika huko Uswisi. Mwaka 1906 Waswisi walianza kuchimba handaki la Lötschberg, ili kufupisha safari ya kutoka Bern kwenda kwa jirani yao Italia. Njia ilipangwa ipite chini ya bonde la Gastern, ambamo mto Kander hutiririka. Wakuu wa kazi waliamini kwamba kiasi cha meta 180 chini ya bonde hilo pangekuwa na mwamba mtupu. Imani hiyo haikuthibitishwa kwa kutoboa ardhi.

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Julai, 1908, baruti ililipuliwa kama kawaida. Kumbe mwamba ulikuwa umekwisha! Maji, mchanga na changarawe vilimiminika na kujaza handaki kwa zaidi ya kilometa moja. Wafanyakazi 25, watu wa Italia waliovuka mpaka kutafuta riziki, walipoteza maisha. Sehemu hiyo ilizibwa kwa ukuta mnene, na njia ikapindishwa kulikwepa bonde. Handaki lililokusudiwa kuwa la kilometa 13.7 likawa la kilometa 14.6, na treni zikaanza kupita mwaka 1913. Gharama iliyokwepwa mwanzoni ililipwa baadaye, pamoja na damu.

Je, upelelezi wa mlima hufanywaje? Kwanza ardhi hutobolewa kwa mashine, na vipande vya mwamba hutolewa na kupangwa katika masanduku kwa kufuata kina chake. Vipande virefu na vizima huonyesha mwamba imara. Vilivyovunjika vunjika huonyesha ufa. Kisha maji husukumwa kwa nguvu ndani ya tundu. Yakipotea upesi, basi mwamba una njia za maji, na maji ya mlimani yatazitumia njia hizo hizo kuwafuata wachimbaji. Mwisho, mabomba huachwa ndani ya matundu ili kina cha maji kipimwe masika na kiangazi. Kila meta 10 za maji huongeza mgandamizo wa karibu kilo moja kwa kila sentimeta mraba. Kwa hiyo, maji yenye kimo cha meta 180 husukuma kwa kilo 18. Hata baada ya uchimbaji kuanza, tundu jembamba hutangulizwa mbele, kama vile kikosi kinavyotanguliza doria.

Jambo hili askari wetu wanalielewa vizuri. Kamanda hapeleki kikosi bondeni kwa kukisia, wala polisi havamii nyumba asiyoijua milango yake. Lakini liko jukumu la karibu zaidi. Bomba la kupimia maji lililosimama peke yake porini huweza kuonekana kama chuma kisicho na mwenyewe. Mwizi akiling'oa, huondoka na vipimo vya misimu mingi. Anayelilinda bomba hilo analinda roho za watu ambao bado hawajaingia handakini.

Na mpimaji anaposema "subirini," asikilizwe. Pale Gastern mwamba ulikwisha kabla ya kuthibitishwa kwa kutoboa kwamba unaishia wapi.