Kumbukumbu za Pamba, Bariadi

Historia ya mji wa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu tangu 2012, kwa sehemu kubwa imo vinywani mwa wakulima wa Kisukuma. Wazee husimulia jembe la kukokotwa na ng'ombe, foleni ya mzani ghalani na marobota ya kiwanda cha kuchambua pamba. Kiini cha historia hiyo ni ushirika: mwaka 1955 wakulima wa Jimbo la Ziwa, wakiongozwa na Paul Bomani, waliunda Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Serikali ilivunja vyama vya ushirika 1976, ikawanyang'anya wakulima chombo walichokijenga wenyewe. Makumbusho ya Bujora, Mwanza, huhifadhi utamaduni wa Wasukuma. Simulizi za mzani nazo zirekodiwe, wasimulizi wangali hai.