Tonto hakujiuza

Wasee, kabla ya kumcheka Tonto, ngojeni kidogo. Yule jamaa wa The Lone Ranger, anayemfuata mzungu wa barakoa akiongea Kiingereza kibovu, alizaliwa Harold Smith mwaka wa 1912, Mmohawk wa Six Nations, Ontario, Kanada. Kwa filamu alijiita Jay Silverheels. Kabla ya Hollywood alikuwa mchezaji hodari wa lacrosse. Na Kiingereza alikijua vizuri sana. Kile kibovu aliandikiwa.

Aliigiza Tonto kwa runinga kutoka 1949 hadi 1957. Kuna wanaosema aliuza watu wake. Mimi nakataa. Mashabiki wa video zangu pia hucheka zaidi nikiigiza lafudhi ya kijijini, kwa hivyo najua hiyo presha. Swali ni, jina likishakua unalifanyia nini? Yeye, miaka ya 60, alisaidia kuanzisha Indian Actors Workshop huko Los Angeles, vijana wa jamii za asili wafunzwe kuigiza. Mwaka wa 1979 akapata nyota yake Hollywood. Mwaka uliofuata akafariki.

Huyo kweli alijiuza? Niambieni.