Virusi Vinavyolala: Kisa cha Mtoto David

Leo tunarudi nyuma kidogo tuone ni kwa nini mgonjwa aliyepandikizwa uboho hulindwa kama mboni ya jicho.

Uboho ni ule ute ulio ndani ya mifupa. Humo ndimo chembechembe za damu huzaliwa, pamoja na zile zinazotukinga na magonjwa.

Mwaka 1971, huko Texas, Marekani, alizaliwa David Vetter. Hakuwa na kinga ya mwili. Kaka yake alikuwa amekufa kwa ugonjwa huo huo, kwa hivyo David aliwekwa mara moja ndani ya chumba cha plastiki kisichopitisha viini. Miaka 12 ikapita mama yake asiweze kumgusa ila kwa glavu.

Oktoba 1983 alipewa uboho wa dada yake, msichana mzima kabisa. Kumbe ndani yake mlijificha virusi vya Epstein-Barr, na vipimo vya wakati huo havikuvionyesha. Virusi hivyo vilimletea David saratani. Februari 1984 alitolewa chumbani ili atibiwe, na mama yake akambusu kwa mara ya kwanza. Siku 15 baadaye alifariki.

Virusi hivi si wageni kwetu. Viligunduliwa London mwaka 1964, katika uvimbe uliotoka Uganda, wa ile saratani ya taya ya watoto ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958. Zaidi ya watu wazima tisa kati ya kumi wanavyo. Huenezwa kwa mate, kisha hulala mwilini maisha yote. Kinga ndiyo inayovizuia visiamke.

Siku hizi damu ya mtoaji na ya mgonjwa hupimwa kabla ya upandikizaji. Baadaye mgonjwa hupimwa tena na tena, ili virusi vikianza kuamka atibiwe mapema.

Nawe mama, nawe mlezi, ukiwa na mgonjwa kama huyu nyumbani, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika. Mwenye mafua asimkaribie, hata akiwa ni nyanya yake. Akipata homa, usingoje kuche; mpeleke hospitalini usiku huo huo. Kumbuka dada yake David: hakuwa mgonjwa, wala hakujua alichobeba.

Hadi wiki ijayo, kwaheri.