Mwamba Usio na Shaba: Visukuku vya Kale vya Katanga

Kuanzia Lubumbashi hadi Kolwezi imetandaa miamba ya mashapo, yaani miamba iliyotokana na matope, mchanga na chokaa vilivyotuama majini vikagandamana, ambayo wanajiolojia huiita Kundi Kuu la Katanga, na ambayo ilianza kulimbikizwa muda usiozidi miaka milioni 880 iliyopita, wakati dunia haijapata bado mnyama wala mmea wa nchi kavu. Mbelgiji Jules Cornet, aliyefika mwaka 1892 pamoja na msafara wa Bia na Francqui, alikuta wenyeji wamekwisha kuchimba shaba katika vilima visivyoota miti. Na baada ya kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga kuundwa mwaka 1906, na tanuru la Lubumbashi kutoa shaba yake ya kwanza mwaka 1911, miamba hiyo ilipimwa tabaka kwa tabaka.

Upimaji huo, uliokusudiwa kutafuta madini tu, ndio uliotambulisha tabaka liitwalo kwa kifupisho cha Kifaransa RSC, maana yake miamba ya silika yenye vitundu. Tabaka hilo limekaa kati ya matabaka mawili yenye shaba na kobalti, nalo lenyewe kwa kawaida ni kapa, hata wachimbaji wakalihesabu kuwa kizuizi. Lakini ndilo lenye stromatoliti, yaani visukuku vya utando wa sianobakteria, viumbe vya seli moja vilivyoishi katika maji ya kina kifupi yenye mwanga, vikinasa chembe za mashapo na kujenga utando mpya juu ya ule uliofukiwa, hadi likatokea jiwe lenye mistari iliyobinuka kama vitunguu vilivyokatwa. Ni vigumu kuamini kwamba mtu angelichunguza kwa makini kiasi hicho jiwe lisilouzika, lau shaba isingelizunguka juu na chini.

Mwili wa bakteria wenyewe umeoza, umebaki umbo la makazi yao tu. Anayetaka kuona seli zenyewe hana budi kugeukia miamba ya Mbuji-Mayi huko Kasai, iliyo mikongwe zaidi, ambayo vipande vyake vilivyochimbuliwa kwa keekee vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, na ambamo hadubini imeonyesha visukuku vidogo mno, vikiwemo vya viumbe ambavyo seli zao zilikwisha kuwa na kiini.