Kutoka Kibarua Hata Rasilimali Watu

Kila kazi ya watu wengi ina mambo mawili: kazi yenyewe, na watu waifanyao. Aghalabu historia husimulia habari za jambo la kwanza ikalisahau la pili. Hutwambia mwaka ambao bandari ilijengwa, bali haitwambii ni nani aliyewachagua wachukuzi alfajiri, nani aliyeyajua majina yao, na nani aliyewatazama walipoumia. Msomaji, fuatana nami katika kisiwa cha Mombasa tulitazame hilo jambo la pili.

Tuanze Kuze, mmoja wa mitaa ya Mji wa Kale. Hapo hatuko mbali na Bandari ya Kale, ambayo kwa karne nyingi ilipokea majahazi ya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yaliyokuja kwa kaskazi na kurejea kwa kusi. Katika chombo, nahodha ndiye aliyekuwa mwajiri, mwamuzi na mlezi. Mabaharia wengi hawakuwa na mshahara wa mwezi; walipata fungu lao katika nauli ya shehena. Nahodha alimjua kila mmoja wao kwa jina, na pengine kwa jina la baba yake. Lakini usidhani kuwa kujuana huko kulikuwa wema mtupu. Baharia aliyechukua fedha kabla ya safari akaingia katika deni, hakuwa huru kwenda atakako.

Katika nchi kavu mambo yalikuwa mengine. Neno kibarua ni udogo wa barua. Asili yake ni kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa, ambacho kwacho alihesabiwa na kulipwa. Polepole jina la karatasi likawa jina la mtu. Katika karne ya 19 vibarua wengi wa miji ya pwani walikuwa watumwa, nao waliwapa mabwana zao sehemu ya ujira wao. Hata utumwa ulipofutwa kisheria katika pwani ya Kenya, mwaka 1907, desturi ya kumwajiri mtu kwa siku moja moja ilibaki.

Desturi hiyo ilipata nguvu mpya upande wa pili wa kisiwa, huko Kilindini, ambako magati ya kwanza ya maji mengi yalianza kazi mwaka 1926. Leo meli tano zingeweza kutia nanga, kesho isije hata moja. Kwa hiyo makampuni yalipenda watu ambao wangeweza kuitwa leo na kuachwa kesho. Mwenye kuwachagua alikuwa serangi, yaani mkuu wa genge la wachukuzi. Kampuni ilihesabu mikono. Serangi ndiye aliyejua mikono hiyo ni ya nani.

Ni haki kusema kuwa si wachukuzi wote walioichukia kazi ya kutwa. Ilimwachia mtu nafasi ya kupumzika baada ya mizigo mizito, kulima shamba lake au kuvua samaki. Lakini methali husema kwamba ng'ombe avunjikapo guu hukimbilia zizini. Kibarua aliyevunjika guu gatini alikuwa na zizi gani? Kampuni iliyomtumia jana haikuwa na daftari lililomtaja.

Shida hizo, pamoja na ughali wa maisha na uhaba wa nyumba, zilizaa migomo. Mwaka 1939 wafanyakazi wa idara na makampuni mbalimbali ya Mombasa, wale wa bandari wakiwamo, waliacha kazi. Tarehe 13 Januari 1947 ulianza mgomo mkuu, ambao karibu wafanyakazi wote wa kisiwa waliushiriki. Walikutana katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini, na katika siku hizo kilizaliwa chama cha wafanyakazi wa Kiafrika ambacho Chege Kibachia alikuwa kiongozi wake. Mwaka huo huo Kibachia alikamatwa na kupelekwa kizuizini. Mwaka 1955 wachukuzi wa bandari waligoma tena, na Tom Mboya, kijana wa miaka 24, alisaidia kuleta mapatano.

Serikali na waajiri walijifunza somo moja kubwa: mtu asiyejulikana hawezi kusimamiwa, wala huwezi kusikilizana naye. Ndipo katika miaka ya 1940 na 1950 wachukuzi wakaandikwa daftarini. Asiyefika zamu za kutosha alifutwa, na aliyebaki alipata kazi ya uhakika zaidi, na baadaye mshahara wa mwezi. Chama chao nacho kilipata nguvu ya kuzungumza na waajiri juu ya ujira, saa za kazi na likizo. Nguvu za serangi zikapungua. Mahali pake pakaingia ofisi ya utumishi yenye majalada na kanuni.

Tazama sasa, msomaji, jinsi daftari lilivyokuwa na kuwili. Kwa aliyeandikwa lilikuwa ngao. Kwa asiyeandikwa lilikuwa mlango uliofungwa, na wenyeji wengi waliozoea kufanya kazi siku chache wakajikuta nje. Hata kwa aliyeandikwa, jina lile lile lililomletea mshahara lilimwezesha mwajiri kumpima, kumkaripia na kumfukuza.

Jambo hili halikuwa la Mombasa peke yake. Uingereza ilianzisha mpango wa daftari la wachukuzi wa bandari mwaka 1947, ikaufuta mwaka 1989. Kati ya miaka hiyo lilizuka kontena, sanduku la chuma ambalo winchi moja hulinyanyua na kufanya kazi iliyohitaji magenge ya watu. Mwaka 1973 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba uliotaka wachukuzi walioandikwa wapewe nafasi ya kwanza katika kazi za bandari. Kenya nayo iliunda Halmashauri ya Bandari mwaka 1978, na kadiri makontena yalivyoongezeka, mwenye kuendesha mtambo alihitajiwa kuliko mwenye mabega mapana. Kazi ya ofisi ya utumishi ikageuka: haikutosha tena kuandika watu na kuwalipa, ilipasa kuwafundisha, na pia kuamua ni nani asiyehitajiwa.

Sheria nazo zimebadilika. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inasema kuwa kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja huhesabiwa kama mtu wa mshahara wa mwezi, akapata haki zake. Mwaka 2012 ilitungwa sheria nyingine iliyowataka wasimamizi wa wafanyakazi wasajiliwe na kushika maadili ya kazi yao. Hivyo yule aliyeandika majina ya wengine, sasa jina lake pia limo daftarini.

Siku hizi husemwa kuwa wafanyakazi ni rasilimali watu. Neno rasilimali lilijulikana na wafanyabiashara wa Mji wa Kale kabla halijaingia ofisini: ni mali ambayo mtu huanzia biashara yake. Mfanyabiashara mwenye busara huilinda rasilimali yake kuliko faida, maana faida ikipotea huweza kurudi, bali rasilimali ikipotea duka hufungwa. Wasimamizi wakilitumia neno kwa maana hiyo, ni neno jema. Lakini rasilimali pia huhesabiwa, hutumiwa na huuzwa, nayo haina kauli. Binadamu anayo. Wachukuzi wa mwaka 1947 hawakuwa na ofisi ya kuwasemea. Walijisemea wenyewe uwanjani, na daftari likaja baada ya sauti zao.

Kwa hiyo, msomaji, utakapoandikwa siku moja katika daftari la kazi, au utakapopewa wewe kalamu ya kuwaandika wengine, uliza maswali mawili: jina hili limeandikwa kwa faida ya nani, na je, mwenyewe ameulizwa?