Storm (mhusika wa vibonzo)

Storm (maana yake "dhoruba"; jina lake halisi katika hadithi ni Ororo Munroe) ni mhusika wa kubuni katika majarida ya vibonzo ya kampuni ya Marvel Comics ya Marekani. Alitungwa na mwandishi Len Wein pamoja na mchoraji Dave Cockrum, na alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1975 katika toleo la Giant-Size X-Men namba 1. Ni mmoja wa mashujaa wa kwanza wa kike weusi kupewa nafasi kubwa katika vibonzo vya Marekani. Anajulikana kwa uwezo wa kutawala hali ya hewa, lakini wasomaji wa siku nyingi wanamkumbuka zaidi kama kiongozi wa kikosi cha X-Men: mtulivu, mwenye nidhamu kali juu ya nafsi yake, asiyeamuru jambo ambalo yeye mwenyewe hawezi kulifanya.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki mhusika huyu ana jambo la ziada. Mama yake katika hadithi ni Mkenya, na mahali alipokutwa kabla ya kuwa shujaa ni Kenya.

Kutungwa kwake

Jarida la X-Men lilianza mwaka 1963. Kuanzia mwaka 1970 liliacha hadithi mpya, likawa linachapisha tena zile za zamani kwa sababu mauzo yalikuwa hafifu. Mwaka 1975 Marvel iliamua kulifufua kwa kikosi kipya chenye watu wa mataifa mbalimbali: Mjerumani, Mrusi, Mkanada, na mwanamke kutoka Kenya. Cockrum alikuwa na michoro ya wahusika kadhaa ambao hawajawahi kutumika. Sura ya Storm, na nywele zake nyeupe, ilipatikana kwa kuwaunganisha baadhi yao.

Baada ya toleo hilo la kwanza kazi ya uandishi ilishikwa na Chris Claremont, aliyeendelea nayo hadi mwaka 1991. Wein na Cockrum walimzaa Storm, lakini aliyemlea ni Claremont. Karibu kila jambo linalosimuliwa hapa chini kuhusu tabia yake lilitoka kwa mwandishi huyo.

Maisha yake katika hadithi

Ororo ni mtoto wa N'Daré, binti wa kifalme kutoka Kenya, na David Munroe, Mmarekani mweusi aliyekuwa mpiga picha wa magazeti. Alizaliwa New York, kisha wazazi wake wakahamia Kairo, Misri. Akiwa bado mdogo, ndege ya kivita ilianguka juu ya nyumba yao. Wazazi walikufa, mtoto akabaki amefukiwa chini ya kifusi kando ya mwili wa mama yake. Toleo namba 102 la mwaka 1976 liliweka tukio hilo katika Vita ya Suez ya mwaka 1956. Matoleo ya baadaye yaliacha kutaja mwaka, maana mhusika asiyezeeka hawezi kufungwa na tarehe. Tangu siku ile Ororo ana hofu kubwa ya mahali palipobana. Hofu hiyo haijamtoka mpaka leo, nayo ndiyo silaha ambayo maadui zake huitumia mara kwa mara.

Yatima huyo aliokotwa na mkuu wa wezi wa Kairo, akafundishwa kuchomoa pochi na kufungua kufuli. Siku moja alimwibia Profesa Charles Xavier, ambaye miaka mingi baadaye angekuwa mwalimu wake. Alipokaribia kubalehe alihisi kuvutwa kusini, akatembea hadi nchi ya mama yake. Kutoka Kairo hadi Nairobi ni takriban kilomita 3,500 kwa mstari mnyoofu, na hadithi inataka tuamini kwamba msichana huyo alizimaliza kwa miguu. Huko uwezo wake ulijitokeza kikamilifu, na wanakijiji wakamwona kuwa mungu wa kike wa mvua. Xavier alimkuta katika hali hiyo, akamweleza kwamba yeye si mungu bali ni mutanti, yaani mtu aliyezaliwa na badiliko katika jeni zake, na kwamba dunia nzima inamhitaji, si kijiji kimoja tu.

Jina lake

Waandishi wa Marvel wameeleza kwamba jina Ororo maana yake ni "uzuri". Hawakusema wazi ni kwa lugha gani. Msomaji wa Kiswahili atatambua mara moja kivumishi -ororo, chenye maana ya laini: ngozi nyororo, sauti nyororo, mtu mwororo. Uhusiano huo unaweza kuwa wa bahati tu, kwa kuwa jina la mama yake, N'Daré, halifuati muundo wa Kiswahili hata kidogo. Hata hivyo mtu anayeitwa mwororo akiwa ndiye mwenye radi mkononi ni jambo la kupendeza, iwe lilikusudiwa au halikukusudiwa.

Nguvu na mipaka yake

Storm huweza kuleta au kuzuia mvua, upepo, ukungu, theluji na radi, na huruka kwa kubebwa na upepo. Hata hivyo haumbi mvua kutoka katika utupu. Husogeza unyevu na joto vilivyopo tayari. Kwa hiyo mvua inayonyesha hapa ni mvua iliyotolewa pengine, na anayeileta kwa pupa huacha ukame nyuma yake. Mkulima wa Lisekese, Masasi au Newala hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Uwanda wa Makonde una msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na udongo wake wa kichanga hunywa maji upesi kiasi kwamba juu ya uwanda hakuna mito. Huko mvua ya masika ni uhai, lakini mvua ileile ikinyesha wakati mikorosho inachanua ni hasara. Anayetawala mawingu angelazimika kuchagua nani apate na nani akose.

Mpaka wa pili unatokana na moyo wake. Hali ya hewa inayomzunguka hufuata hisia zake: akikasirika mawingu hukusanyika, akilia mvua hunyesha bila yeye kutaka. Kwa sababu hiyo amejizoeza tangu ujana kutuliza hasira, hofu na hata furaha. Watu humdhania kuwa mwenye majivuno. Claremont alionyesha kwamba utulivu ule una gharama: mtu anayejizuia kila saa ili asiwadhuru wengine hufika mahali asijue tena yeye mwenyewe anahisi nini.

Pia ni mwepesi wa mikono. Huficha vifaa vidogo vya kufungulia kufuli katika taji lake, na mara kadhaa amewaokoa wenzake kwa ufundi wa mwizi wa Kairo, si kwa radi.

Uongozi

Kiongozi wa kwanza wa X-Men alikuwa Cyclops, ambaye pia ni mtu wa nidhamu, lakini nidhamu ya aina nyingine: mipango, mazoezi na mbinu za kivita. Alipoondoka mwaka 1980, kufuatia kifo cha mpenzi wake Jean Grey, Storm alichukua nafasi yake. Mwanzoni hakujiamini. Alikuwa amezoea kuabudiwa, na kuabudiwa hakumfundishi mtu kuongoza.

Jaribio la kwanza zito lilikuja mwaka 1983 katika toleo namba 170. X-Men walikuwa mateka wa Morlocks, mutanti wanaoishi katika mahandaki chini ya jiji la New York, waliotawaliwa na mwanamke aitwaye Callisto. Njia pekee ya kuwakomboa ilikuwa kumshinda Callisto katika pambano la visu. Mwenzake Nightcrawler alijitolea kupigana. Storm, ingawa alikuwa mgonjwa, alikataa: kiongozi ni yeye, na hatari hiyo ni yake. Alimchoma Callisto kisu cha moyo, na Callisto akapona tu kwa sababu Morlocks walikuwa na mganga mwenye uwezo wa pekee. Storm alikuwa ameapa kutoua, hivyo ushindi huo ulimsumbua kuliko kushindwa. Muda mfupi baadaye alikata nywele zake ndefu, akaacha ukanda mmoja tu katikati ya kichwa, akavaa mavazi ya ngozi. Wasomaji wengi walishtuka.

Mwaka 1984, katika toleo namba 185, alipigwa na silaha iliyomwondolea uwezo wake wote. Aliyelengwa alikuwa mwenzake Rogue. Hapo ndipo Claremont alipouliza swali ambalo vibonzo vya mashujaa hukwepa kwa kawaida: shujaa akinyang'anywa nguvu, anabaki na nini? Katika toleo namba 198, lililochorwa na Barry Windsor-Smith, Ororo anarudi Afrika akiwa mtu wa kawaida kabisa. Anamsaidia mwanamke mjamzito hadi anajifungua. Hakuna vita, na adui ni ukame na uchovu tu. Ni moja ya hadithi bora katika mfululizo mzima.

Jibu kamili lilikuja Januari 1986, katika toleo namba 201. Xavier alikuwa ameondoka, na Cyclops alitaka uongozi urudi kwake. Waliamua kushindana katika chumba cha mazoezi, mmoja akiwa na miale inayoweza kubomoa ukuta, mwingine akiwa na mikono mitupu. Storm hakupigana naye uso kwa uso. Alijificha, akamchosha, akasubiri akosee, kisha akamvua miwani inayoongoza miale yake. Cyclops, aliyekuwa na mke na mtoto mchanga nyumbani, aliondoka, na Storm aliongoza kikosi kwa muda mrefu bila tone la mvua mkononi mwake. Uwezo wake ulirudi mwaka 1988.

Mwaka 1991 kikosi kiligawanywa mara mbili: Cyclops akaongoza kundi la Bluu, Storm kundi la Dhahabu. Jarida jipya la X-Men lililoanza mwaka huo liliuza nakala zaidi ya milioni 8 za toleo lake la kwanza, ambayo ni rekodi. Mwaka 2006 aliolewa na T'Challa, yaani Black Panther, mfalme wa nchi ya kubuni ya Wakanda. Ndoa hiyo ilivunjwa mwaka 2012. Kuanzia mwaka 2021 hadithi zilimfanya mtawala wa sayari ya Mihiri, iliyopewa jina la Arakko, yenye wakazi wapiganaji wasiomheshimu mtu mpaka awathibitishie anastahili.

Afrika ya kwenye vibonzo

Katika masimulizi ya Marvel, Ororo alifika "Serengeti ya Kenya". Hifadhi ya Taifa ya Serengeti iko Tanzania. Upande wa Kenya nyika hiyo huendelea kwa jina la Masai Mara. Kosa hili ni dogo, lakini linaonyesha jinsi watungaji walivyoiona sehemu hii ya dunia: uwanda mmoja mpana, usio na miji, shule wala mipaka. Wanakijiji wa toleo la kwanza hawana majina wala kabila.

Hata wazo la mungu wa mvua linahitaji kusahihishwa. Afrika Mashariki ilikuwa na watu walioaminiwa kuwa na uwezo juu ya mvua, lakini hawakuwa miungu. Kwa Wasambaa, watawala wa ukoo wa Wakilindi walihesabiwa kuwa na dawa za mvua, na uwezo huo ulikwenda pamoja na wajibu: mfalme angeweza kuiponya nchi au kuiharibu, na mvua ilipokosekana lawama ilimwelekea yeye. Kwa Wayao, wakiwemo wa Masasi, wazee waliweka unga chini ya mti na kuwaomba wahenga. Kote huko mvua ilikuwa shughuli ya jamii, na mkubwa aliulizwa. Kwa bahati njema, Storm wa miaka ya 1980, kiongozi anayeulizwa na kulaumiwa, anafanana zaidi na desturi hizo kuliko yule mungu wa kike wa mwaka 1975.

Katika katuni na filamu

Watazamaji wengi walimfahamu Storm kupitia katuni ya televisheni X-Men: The Animated Series (1992–1997), yenye sehemu 76. Sauti yake ilitolewa kwanza na Iona Morris, halafu na Alison Sealy-Smith. Katuni hiyo ilimpa usemi mzito wa kishairi kila alipoita upepo au radi. Sealy-Smith alirudi katika mwendelezo wake, X-Men '97, ulioanza Machi 2024, ambamo kisa cha kupoteza uwezo kimesimuliwa upya. Katika X-Men: Evolution (2000–2003) Storm ni mwalimu wa vijana.

Katika filamu aliigizwa na Halle Berry mara nne kati ya mwaka 2000 na 2014, kisha na Alexandra Shipp mwaka 2016 na 2019. Filamu hizo hazikumtendea haki sana. Ni ile ya mwaka 2006 tu iliyomweka mbele kama kiongozi, Xavier alipokufa, na ile ya 2016 ilionyesha kwa ufupi maisha yake ya wizi Kairo.

Majarida yenye jina lake pekee yamekuwa machache na mafupi. La mwaka 2014, lililoandikwa na Greg Pak, lilifika matoleo 11. Oktoba 2024 lilianza jingine, lililochorwa na Lucas Werneck na kuandikwa na Murewa Ayodele, mwandishi kutoka Nigeria.